Farasi Hajifunzi kwa Kuvutwa



Wengi mnaniuliza, injinia na farasi wapi na wapi? Ni hivi: kila Jumamosi najitolea kwenye banda la farasi nje kidogo ya mji wetu hapa Uingereza. Nazoa samadi, nao wananifundisha. Vuli iliyopita nikakabidhiwa farasi jike wa miaka minne nisaidie kumfundisha. Wiki ya tatu mfuko wa plastiki ukapeperuka, akaruka pembeni, mimi chini! Kofia ngumu iliniokoa kichwa, lakini moyo ulivunjika. Jumamosi iliyofuata mikono ilitetemeka hata kumvisha hatamu. Naye akawa mkaidi, nikimvuta anasimama kama gogo.

Hebu niwaeleze kilichotutoa hapo.

Kwanza, farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji lake la uso. Kitu kikipeperuka ghafla, yeye hukimbia kwanza, maswali baadaye. Hakuwa na ubaya na mimi.

Pili, kabla ya kumwita mkaidi, hakikisha haumwi. Tandiko lisilomkaa vizuri, meno au mgongo, vyote humfanya agome. Tulimkagua, alikuwa mzima.

Tatu, na hapa ndipo penyewe: farasi hajifunzi kwa kuvutwa, anajifunza kwa kuachiwa. Unavuta kamba kidogo. Akisogeza hata mguu mmoja, legeza papo hapo. Ile nafuu ndiyo inayomwambia "hapo sawa." Ukichelewa, hajui umemlegezea kwa lipi. Ukilegeza wakati amegoma, umemfundisha kugoma. Sisi wa injinia tunalijua hili: mfumo ambao mrejesho wake unachelewa, huyumba. Sasa mimi, tangu nianguke, nilikuwa nimekaza hatamu muda wote kwa woga. Afanye vizuri, afanye vibaya, hapati nafuu. Jamani, mkaidi nani hapo?

Basi tukaanza upya, bila kupanda. Hatua moja mbele, nalegeza. Mbili nyuma, nalegeza. Ule mfuko wa plastiki tukauonyesha kwa mbali. Akitulia, tunauondoa, kisha tunausogeza karibu kidogo. Kila siku tulimaliza na jambo analoliweza, hata liwe dogo. Jumamosi ya nne nikapanda, nikazunguka uwanja mara moja kwa mwendo wa kutembea, nikashuka. Mara moja tu! Kwenye basi nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Sasa niwape siri. Wakati huohuo programu ya utafiti wangu ilikuwa imekwama, na mwezi mzima sikuwa nimeifungua. Msimamizi wangu nilikuwa namkwepa mpaka kwenye ngazi. Jumapili ile nikaifungua, nikatafuta kosa moja dogo ninaloliweza, nikalirekebisha, nikafunga. Jumatatu mawili. Jumatano nikaenda mwenyewe kugonga mlango wa msimamizi. Tasnifu haijaisha, ila siikimbii tena.

Nyumbani tunasema punda haendi bila kigongo. Ya punda siyajui, lakini kwa farasi huyu kigongo kingetuumiza sote wawili.

Anayetaka kuja Jumamosi anitafute. Njoo na viatu vya tope, na usimkaribie kwa nyuma!