Je, Wajua? Axel Huanzia Sakafuni

Kati ya miruko sita mikuu ya kuteleza kwenye barafu, Axel ndio pekee ambao mchezaji huruka akitazama mbele. Lakini hutua kinyumenyume, kwa hiyo Axel ya kawaida ni mzunguko mmoja na nusu. Jina ni la Axel Paulsen wa Norwei, aliyeuonyesha Vienna mwaka 1882.

Mafunzo ya mruko huu huanza pakavu, na hata kijana wa Adumi, Arua, anaweza kuyajaribu uani. Ruka kwa mguu wa kushoto, ukiwa hewani hamishia uzito kulia, bana mikono kifuani, kisha tua kwa mguu wa kulia, goti likikunjika. Siri iko mikononi: ukiibana unazunguka kasi, ukiikunjua kasi inapungua papo hapo.

Barafu yenyewe iko mbali, ingawa Hoteli ya Panari jijini Nairobi ilifungua kiwanja chake mwaka 2005.

Midori Ito wa Japani alikuwa mwanamke wa kwanza kufanikisha Axel ya mizunguko mitatu na nusu mashindanoni, mwaka 1988. Ile ya minne na nusu ilimsubiri Ilia Malinin wa Marekani, Septemba 2022, akiwa na miaka 17 tu!