Kwenye Mtoano wa Youth League, Mfupa Haujui Miaka

UEFA haijapitiwa, na kipimo cha MRI hakitakupa jibu unalolitaka. Naanza na majibu kwa sababu swali lenyewe limeniandama mno. Ikifika Februari, UEFA Youth League inapoingia hatua ya mtoano, natumiwa picha ya beki mwenye ndevu na mabega mapana, chini yake yameandikwa maneno yale yale: “Daktari, huyu ana miaka 19 kweli? Mbona hawampimi mifupa?” Muulizaji huwa kocha wa akademi, mzazi, au mtangazaji wa redio ambaye tayari amemwita kijana huyo hewani kijeba, yaani mtu mzima anayejifanya mtoto. Mimi ni daktari wa michezo. Nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja, hivyo nawajibu wote kwa pamoja.

Kwanza kanuni, maana nusu ya lawama ingeisha kama watu wangeisoma. Michuano hii huitwa ya vijana chini ya miaka 19, lakini kinachohesabiwa ni mwaka wa kuzaliwa, na hesabu hukatwa tarehe 1 Januari. Msimu wa 2024/25 mchezaji alipaswa kuwa amezaliwa tarehe 1 Januari 2006 au baada ya hapo. Klabu iliruhusiwa pia kuingiza katika orodha yake ya wachezaji 40 vijana wasiozidi 5 waliozaliwa mwaka 2005. Fainali ilichezwa Nyon, Uswisi, tarehe 28 Aprili 2025, Barcelona ikaifunga Trabzonspor 4–1. Kijana aliyezaliwa Januari 2006 alikuwa ametimiza miaka 19 na miezi mitatu siku hiyo. Aliyezaliwa Januari 2005 na kuandikishwa kwa ile nafasi maalumu alikuwa na miaka 20 na miezi mitatu. Wote wawili ni halali.

Ndiyo maana shaka huja wakati wa mtoano na si Septemba. Msimu ukianza wengi wana miaka 17 na 18. Kufikia 16 bora, robo fainali na nusu fainali, miezi imesogea na kila mmoja amekua. Tena timu zinazofika huko ni zile zenye vijana waliokomaa zaidi, kwa kuwa mechi ni moja tu, na sare baada ya dakika 90 huamuliwa kwa penalti bila muda wa nyongeza. Unayemwona Aprili ni mwanamume aliyekwisha balehe zamani. Usimpime kwa jicho lililozoea watoto wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania.

Sasa tuje kwenye MRI, kwa sababu hapa ndipo watu wazima wenye elimu zao hupotea.

Kipimo hiki kina historia nzuri. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009. Msingi wake ni utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ambapo vijana 496 wa miaka 14 hadi 19 kutoka Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina walipigwa picha ya kifundo cha mkono. Watafiti waliangalia mfupa ulio upande wa dole gumba, mahali ambapo mtoto bado ana gegedu la ukuaji. Gegedu hilo huziba taratibu, na waligawa kuziba kwake katika hatua 6. Katika vijana wa miaka 16, waliofika hatua ya 6, yaani mfupa umeziba kabisa, walikuwa chini ya asilimia 1.

Soma tena matokeo hayo uone yanasema nini. Yanasema kwamba kijana anayedai kuwa na miaka 16, na mfupa wake umeziba kabisa, karibu hakika amevuka 17. Basi. Hayasemi kama ana 18, 19, 23 au 27, kwa sababu mfupa ukishaziba umeziba. Hakuna mstari mwingine unaochorwa kila siku ya kuzaliwa. Picha ya kijana wa miaka 19 ambaye mfupa wake umeziba na picha ya kaka yake wa miaka 25 hazitofautiani mbele yangu, wala mbele ya mtaalamu wa picha aliye hodari kuliko wote.

Upande wa pili wa kosa ni mbaya vilevile. Wapo vijana wa miaka 18 na 19 ambao gegedu lao bado halijaziba. Mtu wa miaka 19 wa aina hiyo akidanganya kuwa ana 16 atafaulu kipimo na kucheza na watoto. Kwa hiyo hata pale kinapofaa, MRI hukamata baadhi ya wadanganyifu na kuwaachia wengine. Haijawahi kuwa cheti cha kuzaliwa.

Wakubwa wetu wanakumbuka jinsi watoto walivyopimwa kuingia darasa la kwanza: pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili. Kipimo hicho kiliweza kumtenga mtoto mdogo sana na aliye tayari kwa shule. Ukimwambia mtu mzima ashike sikio, atashika, na hutajua lolote kuhusu miaka yake. Kumpiga MRI ya mkono mchezaji wa Youth League ni kumwambia mtu mzima ashike sikio.

Kuna anayeniuliza, “Basi tupige eksirei, tulinganishe na kitabu.” Kitabu chenyewe ni atlasi ya Greulich na Pyle, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1959. Picha zake ni za watoto weupe wa familia zenye uwezo huko Cleveland, Marekani, zilizopigwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Kitabu hicho kinamfaa daktari anayetaka kujua kama ukuaji wa mtoto umecheleweshwa na ugonjwa. Hakikuandikwa ili kumhukumu kijana wa Tandale au Kisumu, na eksirei ina mionzi ambayo sina sababu ya kumpa mtoto asiye mgonjwa. Mwingine hutaja mtulinga. Ni kweli kwamba ncha ya mtulinga iliyo karibu na kidari huziba kwa kuchelewa, watu wakiwa katika miaka yao ya 20, na wataalamu wa mahakama nchini Ujerumani huipiga CT wanapotaka kujua kama mshtakiwa ni mtoto au mtu mzima. Lakini CT ina mionzi mingi zaidi, na jibu lake huja likiwa na kosa la miaka kadhaa mbele na nyuma. Huwezi kutenganisha miaka 19 na 20 kwa kipimo cha namna hiyo. Anayekuuzia “cheti cha umri wa mifupa” kwa ajili ya kijana wa miaka 19 anakuibia.

Ndevu nazo tuziache. Wavulana hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na wastani wa miaka 14, lakini wapo wanaoanza wakiwa na 12 na wapo wanaosubiri hadi 16. Ndevu, sauti na misuli hufuata homoni na ukoo. Wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kusimama kwenye mstari mmoja darasa la saba, mmoja akionekana baba na mwingine mtoto. Wabelgiji walilielewa hili mapema, wakaunda timu za taifa za vijana wanaochelewa kupevuka ili wasiwapoteze. Sisi tumekuwa tukimwita aliyewahi kupevuka kijeba, na aliyechelewa tumemwambia arudi akinenepa.

Nakasirika kwa sababu tuhuma hii ina majeruhi. Renato Sanches alizaliwa Lisbon mwaka 1997, baba yake akitoka São Tomé na mama yake Cape Verde, akalelewa na akademi ya Benfica. Alisajiliwa miaka kadhaa baada ya kuzaliwa, na hilo likatosha kumzushia. Guy Roux, kocha mkongwe wa zamani wa Auxerre, alisema hadharani kuwa kijana huyo ana miaka 23 au 24, wakati alikuwa na 18. Rekodi za hospitali zilionyesha ukweli. Sanches alichukua Euro 2016 na kutajwa mchezaji bora kijana. Joseph Minala wa Cameroon, akiwa kwenye timu ya vijana ya Lazio mwaka 2014, alizushiwa kuwa na miaka 42 kwa nukuu aliyobandikwa, ambayo yeye na klabu waliikana. Shirikisho la Italia lilichunguza na kumsafisha. Hadi leo picha yake hutumwa kwenye makundi yetu ya simu kama kichekesho. Wanaoituma ni Waafrika wenzake.

Sisemi udanganyifu haupo. Mwanzoni mwa 2023, rais wa shirikisho la Cameroon, Samuel Eto’o, aliamuru timu ya taifa ya chini ya miaka 17 ipimwe MRI, na wachezaji 21 kati ya 30 wakafeli. Hapo kipimo kilitumika mahali pake, kwa umri wake. Kila kijeba anayechezeshwa U-17 amekalia nafasi ya mtoto halisi, na mtoto huyo hatapata nafasi ya pili. Ninachokataa ni kuchukua chombo cha miaka 16 na kukipeleka kwa watu wa miaka 19, kisha kukitumia kumharibia mtu jina.

Na kwa kijana wa Kiafrika mtoano huu una uzito wake. Kanuni ya 19 ya FIFA hairuhusu mchezaji kuhama nchi kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache ambayo kijana wa Mwanza au Lusaka hayamgusi. Kelvin John wa Tanzania alisubiri atimize 18 mwaka 2021 ndipo asaini Genk ya Ubelgiji. Maana yake ni kwamba akifika Ulaya kwa haki, dirisha lake la Youth League ni msimu mmoja hivi, na mara nyingi jukwaa lake la kwanza ni mtoano. Patson Daka wa Zambia alizaliwa Oktoba 1998, akajiunga na Red Bull Salzburg Januari 2017. Salzburg ilikuwa imeitoa Manchester City kwa penalti kuingia 16 bora, kisha ikapita kwa PSG, Atlético Madrid na Barcelona. Tarehe 24 Aprili, Nyon, Benfica ilitangulia kufunga, Daka akasawazisha, na Salzburg ikashinda 2–1. Kwenye kikosi hicho alikuwemo pia Amadou Haidara wa Mali, aliyezaliwa tarehe 31 Januari 1998. Alikuwa ametimiza miaka 19 kabla ya mechi ya kwanza ya mtoano, na kila dakika aliyocheza ilikuwa halali.

Miezi michache ndiyo iliyowafungulia njia. Kama karatasi zao zingekuwa na utata, au mtu angewapunguzia miaka walipokuwa wadogo, wakala angekimbia na klabu ingefunga faili. Anayempunguzia mtoto miaka miwili leo anadhani anampa muda. Anachofanya ni kumchelewesha: karatasi zikisema ana 16 wakati ana 18, hawezi kuhama kihalali hadi afike 20 kwa mwili, na ukweli ukijulikana anafungiwa.

Kwa hiyo fanyeni haya. Sajili mtoto akizaliwa. Tanzania Bara, wakala wa usajili, RITA, husajili watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za kata. Hifadhi tangazo la kizazi na kadi ya kliniki, kwa sababu karatasi iliyoandikwa wiki ya kuzaliwa ina nguvu kuliko kiapo cha miaka 15 baadaye. Kenya, anza na taarifa ya hospitali, au chifu msaidizi kama amezaliwa nyumbani. Tarehe za kuzaliwa kwenye kumbukumbu za shule, za ubatizo na kwenye cheti ziwe moja. Zikipishana, rekebisha sasa kwa njia ya kisheria, usisubiri barua ya mwaliko. Mwenye akademi, msajili mchezaji kwenye mfumo wa shirikisho mapema, maana fidia ya mafunzo huhesabiwa kuanzia umri wa miaka 12 na bila usajili huna dai. Ukishuku kijeba kwenye U-17, peleka malalamiko kwa shirikisho, wao ndio wenye mamlaka ya kuagiza MRI. Kwa U-19 na U-20, dai nyaraka. Pangeni watoto wa miaka 11 hadi 15 kwa ukubwa wa mwili baadhi ya siku za mazoezi, wadogo nao wapate kugusa mpira. Na msimpige mtoto eksirei kwa ajili ya mpira.

Mtangazaji unayeniandikia, kabla ya kusema hewani kwamba kijana fulani ni kijeba, soma tarehe yake ya kuzaliwa kwenye orodha ya UEFA, kisha soma kanuni. Kama viwili hivyo vinapatana na huna karatasi ya kupinga, huna habari. Zungumzia mpira wake.