Inzi Mdogo na Vyungu Vyake

"Mjomba, hivi inzi naye huugua?"

Swali zuri hilo, mpwa wangu! Watu wazima wengi hawajawahi kujiuliza. Naam, huugua. Sogea tumtazame huyu anayezunguka ndizi mbivu. Macho mekundu, mwili wa milimita tatu hivi. Ni inzi wa matunda. Tumwache aseme mwenyewe.

"Mimi ni mdogo, lakini nina jiko. Liko tumboni, katika tishu ya mafuta inayonifanyia kazi kama ini linavyowafanyia ninyi. Kila seli ya humo ina maelfu ya jeni, na kila jeni ni chungu chenye pishi lake. Vyungu vya dawa nimevifunika. Nikiwa mzima, kuni nizichome za nini?"

Umesikia? Vyungu amevifunika. Sasa wanasayansi humlaza usingizi kwa hewa ya kaboni dayoksaidi. Huchukua sindano nyembamba sana, huichovya kwenye bakteria, kisha humdunga kifuani. Bakteria wameingia!

"Mjomba, atawajuaje na hawaoni?"

Kwa ukuta wao, mwanangu. Bakteria wamejizungushia ukuta wa kitu ambacho mwili wa inzi hautengenezi kabisa. Protini ziitwazo vipokezi hunasa vipande vya ukuta huo. Zikishanasa, habari inapokezanwa ndani ya seli, protini hadi protini, mpaka inaifikia iitwayo Relish. Relish hukatwa vipande viwili. Kipande kimoja huingia mpaka kwenye kiini cha seli, na hapo kinafunua chungu.

"Kinafunua vyote?"

Hata! Hapo ndipo ninapomstaajabia inzi huyu. Kuta za bakteria hazifanani zote. Akiingiliwa na bakteria kama E. koli, njia iitwayo Imd ndiyo humwamsha Relish, na chungu cha diptericini kinafunuliwa. Akiingiliwa na kuvu, au bakteria wa ukuta mwingine kama stafilokoka, huamka njia ya Toll, nayo hufunua chungu cha drosomycini, dawa kali ya kuvu. Wakati mwingine njia hizi husaidiana. Dawa humwagika kwenye damu, na baadhi yake hutoboa utando wa bakteria hadi wanakufa. Yote hayo huanza ndani ya saa chache tu.

"Na baadaye?"

Baadaye hufunika tena. Zipo protini zenye kazi hiyo, nyingine huvunjavunja mabaki ya zile kuta ili vipokezi vitulie. Vyungu vikikaa wazi muda mrefu, inzi mwenyewe hudhurika.

"Nani aliyagundua haya, mjomba?"

Wengi, na kazi yao ni ya miaka mingi. Ila nitakusimulia ya Strasbourg, Ufaransa. Mwaka 1996 Bruno Lemaitre, Jules Hoffmann na wenzao waliwachukua inzi ambao njia yao ya Toll ilikuwa na hitilafu, wakawaambukiza kuvu. Inzi wale walikufa, na nyuzi za kuvu zikaota juu ya miili yao kama manyoya. Wenye hitilafu katika Imd walilistahimili kuvu, lakini E. koli iliwaua. Hivyo ikajulikana kuwa kila njia ina adui wake.

Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba kipokezi kinachofanana na kile cha njia ya Toll ndicho kinachomwezesha panya kuhisi bakteria. Mwaka 2011 Hoffmann na Beutler walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Ralph Steinman.

"Na mimi je, ninavyo vipokezi kama hivyo?"

Hilo ndilo nililokuwa nalingoja uulize! Unavyo, mpwa wangu. Mwili wako una vipokezi vya jamaa ya Toll vya aina 10, na hata sasa viko kazini.