Vuli Ziwa Victoria: Radi ina saa zake

Mvua za vuli, zinazonyesha Oktoba hadi Desemba, huwakuta wafanyabiashara wa Bukoba, Mwanza, Kisumu na Entebbe wakihangaikia mizigo ya Krismasi. Ni msimu ambao anga la Ziwa Victoria huwa gumu kwa ndege.

Sababu ni ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo huvuma kuelekea ziwani, na hewa yenye unyevu hupanda na kufanya mawingu ya radi. Asubuhi mvua hiyo huipiga zaidi pwani ya magharibi, iliko Bukoba. Mchana upepo hugeuka; Kisumu hupata radi alasiri na jioni.

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege iliyokuwa ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki.

Kwa hiyo rubani anapozunguka angani akisubiri, au anaporudi Mwanza, abiria asinung'unike. Anayesafiri kufuata mzigo aache walau siku moja kati ya safari na siku ya kulipa au kupokea. Utabiri wa msimu humsaidia kupanga mwezi. Kuhusu kesho, asome taarifa ya leo ya mamlaka ya hali ya hewa, ya nchi anakotoka na ya anakokwenda.

Mzigo uliochelewa bado huuzwa.