Ukoga Unaopanda Usiku

Msomaji mwenye bwawa la samaki upande wa Nambale, kaunti ya Busia, anataka dawa ya kuua ukoga wa kijani uliotanda juu ya maji. Mabwawa ya aina yake yalienea kuanzia mwaka 2009, serikali ilipofadhili 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140.

Kabla ya dawa, chota maji hayo kwa chupa safi ya jemu, usiijaze pomoni, uiache mahali penye baridi hadi asubuhi. Ukijani ukituama chini, huo ni mwani wa kawaida, na kwa tilapia ni chakula. Ndiyo sababu tunatia samadi bwawani. Ukiukuta umejikusanya juu, utando mzito na chini maji maangavu, yaelekea una sianobakteria, pengine Microcystis, jamii ileile inayotanda Ziwa Victoria.

Unaeleaje? Hapa ndipo penye utamu. Ndani ya seli mmejaa vibomba vya protini, unene wake nanomita 70 hivi. Naviita vibomba, si vifuko, maana kifuko hujazwa hewa na hivi havijazwi. Ukuta ni safu moja tu ya protini, na upande wake wa ndani haupatani na maji. Gesi iliyoyeyuka majini hupenya na kutoka itakavyo; maji hubaki nje. Kiumbe hakipulizi chochote. Hujenga chumba kisichoingilika maji, na hewa ikaingia yenyewe.

Sasa mfikirie mtu aliyefungwa mgongoni mtungi wa manjano wa lita 20, kama ile inayovushwa mpakani kila siku, mtupu na kifuniko kimekazwa. Ataelea. Mpe kazi: tangu asubuhi atengeneze sukari kwa jua na kuitia mifukoni. Kufikia alasiri mzigo unaushinda mtungi, anazama hadi karibu na tope, kwenye fosforasi. Usiku jua hakuna, anakula akiba yake. Mifuko inapwaya, mtungi unashinda, anapanda. Kukipambazuka yuko juu, wa kwanza kulipata jua, na mwani mwingine wote amekwisha kuutia kivuli.

Mwaka 1895 Mjerumani Heinrich Klebahn alijaza chupa maji yenye ukoga wa namna hii, akaiziba kwa kizibo, kisha akakipiga nyundo. Shinikizo likavivunja vibomba papo hapo. Ukungu wa maji ukapungua, na ukoga uliokuwa ukielea ukaanza kuzama. Pigo moja la nyundo!

Kwa bwawa zima nyundo haipo. Mrututu utaua, ila ukoga uliokufa ukioza hula oksijeni, na alfajiri utawakuta samaki wanatweta juu ya maji. Afadhali uunyime faida zake. Acha samadi na mbolea, toa chakula kile tu ambacho samaki watakimaliza, fungulia maji mapya, na uyavuruge kwa pampu ili ukoga usijichagulie pa kukaa. Usirudishe samadi hadi uzamishe mkono na kiganja kionekane maji yakiwa yamefika kiwiko. 

Ng'ombe wasinywe humo: sumu ya Microcystis hudhuru ini, na kuchemsha maji hakuiondoi.