Msamiati wa Pepo, Maji na Mawimbi katika Taarifa za Hali ya Bahari: Mfano wa Ghuba ya Malindi

1. Utangulizi

Taarifa ya hali ya bahari ni matini fupi sana. Aghalabu haizidi sentensi tano au sita. Hutaja upepo utokako na nguvu zake, kimo cha mawimbi, muda upitao kati ya wimbi na wimbi, na saa za maji kujaa na kupwa. Wanaoitegemea ni wengi: mvuvi mwenye ngalawa, nahodha wa jahazi, mwogeleaji, na siku hizi kijana atelezaye juu ya mawimbi kwa ubao. Kila mmoja wao huamua kutoka au kutotoka kwa kutegemea maneno hayo machache, na neno likikosewa, hasara yake si ya kiisimu tu.

Madhumuni ya makala haya ni kuyachunguza maneno hayo, kwa kuichukua Ghuba ya Malindi kuwa mfano. Hoja yake ni kwamba sehemu kubwa ya istilahi zinazohitajiwa na taarifa ya namna hii imo tayari katika Kiswahili cha mabaharia, tena ikiwa na upambanuzi ambao tafsiri za moja kwa moja huupoteza. Pale ambapo lugha ina upungufu, upungufu huo ni wa mahali mahususi na waweza kuonyeshwa.

2. Mahali penyewe

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya iliyo kusini mwa Malindi imekingwa na mwamba wa matumbawe uendao sambamba na ufuo. Mawimbi huvunjika mwambani, na maji yaliyo ndani yake hubaki matulivu. Ghuba ya Malindi haiko hivyo. Mto Sabaki humwaga maji matamu na udongo baharini kaskazini mwa mji, na matumbawe hayastawi penye maji ya namna hiyo. Kwa sababu hii mwamba umekatika, na mawimbi ya bahari kuu huingia ghubani hadi kwenye mafungu ya mchanga yaliyo karibu na ufuo. Ndiyo maana wapendao kuteleza mawimbini huijua Malindi, hasa katika miezi ya kusi.

Mafungu ya mchanga hayakai mahali pamoja. Wakati wa kaskazi maji ya Sabaki husukumwa upande wa kusini, ghuba ikageuka rangi ya kahawia. Wakati wa kusi hupelekwa kaskazini. Mchanga huhama, na mahali mawimbi yavunjikapo huhama pamoja nao. Mitambo ya kompyuta ikadiriayo mawimbi ya Bahari ya Hindi nzima haiwezi kuliona fungu moja la Malindi. Hutoa hesabu ya bahari kuu, nayo hesabu hiyo hapana budi ifasiriwe na mwenyeji kwa lugha ya mahali.

3. Majina ya pepo

Pepo mbili ndizo zigawanyazo mwaka wa pwani. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, nayo huja na joto na ukavu. Kusi huanza mnamo Aprili na kuendelea hadi Septemba, ikawa kali zaidi mwezi wa Juni hadi Agosti. Kati yake kuna vipindi vya pepo zisizotulia, viitwavyo maleleji au tanga mbili. Upepo wa matlai hutoka upande wa mashariki, na umande ni upepo mwembamba utokao bara alfajiri.

Jambo la kuangaliwa na mwanaisimu ni uhusiano wa majina haya na majina ya pande za dunia. Kusini na kaskazini ni kusi na kaskazi zilizoongezwa kiambishi cha mahali -ni: kusini ni "kunako kusi". Mashariki na magharibi, kwa upande mwingine, yametokana na Kiarabu, na maana zake za asili zahusu kuchomoza na kutua kwa jua. Matlai pia ni la Kiarabu, na lina maana ya mahali pa kuchomoza. Hivyo mhimili mmoja wa dira ya Mswahili umejengwa kwa upepo, na mwingine kwa jua.

Kwa hiyo kusi si "upepo wa kusini" tu. Neno hilo hubeba majira, ubaridi, bahari iliyochafuka, na desturi ya vyombo vidogo kutokwenda mbali. Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi akiwa na rubani aliyepewa hapo, akaifikia Calicut tarehe 20 Mei. Aliyejua maana ya kusi hakuhitaji kuelezwa kwa nini safari ya Bara Hindi iliondoka mwezi ule. Tarehe 18 Julai 2012, meli MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, bahari ikiwa na upepo mkali na mawimbi makubwa. Hiyo nayo ilikuwa kusi, katika ukali wake.

Tahadhari zitolewazo Kenya katika miezi hii mara nyingi hutaja upepo unaozidi maili 25 za baharini kwa saa, yaani karibu mita 13 kwa sekunde. Tarakimu hiyo ni ya lazima, lakini peke yake haimwambii mvuvi kama upepo huo ni kusi yenyewe iliyokaza, itakayodumu siku kadhaa, au ni dhoruba ipitayo. Neno moja la ziada lingemaliza shaka hiyo.

Kuna utata mwingine wa kisarufi. Upepo huitwa kwa jina la kule utokako, lakini mkondo wa maji huelezwa kwa kule uendako. Kihusishi -a hakipambanui mambo hayo mawili: "upepo wa kusini" na "mkondo wa kusini" huweza kueleweka kuwa huenda upande mmoja, hali wa kwanza watoka kusini na wa pili waelekea huko. Yafaa basi taarifa zisitumie -a tupu, bali vitenzi: upepo utokao kusini, mkondo uelekeao kusini.

4. Maji na saa

Katika habari za maji, Kiswahili hakina upungufu wowote. Maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na ushei, na kati ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika robo za mwezi huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Pwani ya Kenya bamvua kubwa huweza kufikia tofauti ya karibu mita 4. Maneno haya yamo katika kamusi ya Johnson ya 1939 na ya Sacleux ya mwaka huo huo, wala hayahitaji kutafsiriwa upya.

Hatari imo katika saa. Majedwali ya maji huandikwa kwa saa za kimataifa, zinazohesabiwa tangu usiku wa manane, na Mswahili huhesabu saa zake tangu machweo na macheo. Tofauti ya hesabu hizi ni saa 6. Nayo bahari, kwa bahati mbaya, hutumia karibu saa 6 kutoka kupwa hadi kujaa. Matokeo ya kosa hili hayawi madogo: hugeuza taarifa nzima kichwa chini miguu juu. Wakati wa bamvua, maji ya Malindi hupwa mnamo saa nne na nusu asubuhi, nalo jedwali huandika 10.30. Msomaji akiitamka tarakimu hiyo "saa kumi na nusu", atakuwa amemwelekeza msikilizaji kwenye wakati ambapo maji yamejaa. Aliyekwenda kuokota pweza mwambani kwa taarifa hiyo atakuta mwamba umefunikwa. Kanuni ni nyepesi: saa itamkwe kwa Kiswahili na ifuatwe daima na sehemu ya siku, kama vile alfajiri, asubuhi, alasiri au usiku.

5. Wimbi

Hapa ndipo penye upungufu wa kweli. Kiswahili kina viwimbi na mawimbi; husema bahari ni shwari au imechafuka; husema wimbi laumka na lavunjika. Lakini taarifa ya siku hizi hutaka vipimo vitatu: kimo, urefu na muda.

Kivumishi -refu ndicho kikwazo cha kwanza. Mti mrefu husimama na barabara ndefu hulala, na Kiswahili huviita vyote viwili virefu. Wimbi husimama na kulala kwa pamoja. "Mawimbi marefu" yaweza kuwa yale yaliyoinuka juu au yale yaliyoachana sana, nayo si mamoja. Afadhali neno kimo litumiwe kwa kipimo cha kutoka bondeni hadi kileleni mwa wimbi, na urefu kwa umbali wa kilele na kilele.

Kimo chenyewe chahitaji maelezo. Kitajwacho katika taarifa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Asikiaye "mita 2" hana budi kujua kuwa mengi yatakuwa chini ya hapo, na machache yaweza kukaribia mita 4. Neno "kimo cha wastani" lapotosha kwa kupunguza. "Kimo cha mawimbi makubwa" lasema kweli.

Kwa muda wa kati ya wimbi na wimbi, wengine wangependekeza kipindi. Neno hilo halifai, kwa kuwa redioni "kipindi cha mawimbi" kitadhaniwa kuwa ni matangazo ya saa fulani. Ni bora kusema "muda wa wimbi", au kutaja tu kuwa wimbi hufuata wimbi kila baada ya sekunde kadhaa. Kipimo hiki kina uzito mkubwa. Wimbi la sekunde 6 katika maji ya kilindi lina urefu wa mita 56 hivi. La sekunde 12 lina mita 225 hivi. Yakiwa na kimo kimoja, la pili huchukua nguvu maradufu kuelekea ufuoni, na huinuka zaidi lifikapo maji machache. Wimbi huvunjika pale kina cha maji kinapokaribia kuwa sawa na kimo chake na robo zaidi.

Tofauti hii ya muda ndiyo ipambanuayo mawimbi ya aina mbili. Kuna yazaliwayo na upepo wa hapo hapo, mafupi na yenye vurugu. Kuna pia yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali, yakasafiri siku nyingi, yakafika yamejipanga. Mwezi wa Mei 2007 mawimbi ya aina ya pili yalipiga kisiwa cha Réunion, na siku chache baadaye yakafurika katika visiwa vya Maldives, mbali sana na dhoruba iliyoyazaa. Aliyetazama anga tu hakuwa na la kumwonya. Istilahi "wimbi la upepo" na "wimbi la mbali" zaweza kutosha, kwa kuwa kila mpwani atazielewa bila kufundishwa.

6. Mfano wa taarifa

Ifuatayo ni taarifa ya kubuni ya siku moja ya Julai, kama ambavyo ingetafsiriwa kutoka jedwalini: "Malindi. Upepo wa kusini kusini mashariki, 20. Mawimbi mita 2, kipindi 9. Maji ya chini 10.30."

Taarifa hiyo hiyo yaweza kusemwa hivi: "Ghuba ya Malindi. Kusi imekaza. Alfajiri upepo utakuwa mwembamba, lakini tangu adhuhuri utavuma kwa maili 20 za baharini kwa saa. Mawimbi makubwa yatafikia kimo cha mita 2, wimbi likifuata wimbi kila baada ya sekunde 9. Ni siku za bamvua: maji yatakupwa saa nne na nusu asubuhi, na mawimbi yatavunjikia kwenye mafungu ya nje. Maji yanayorudi kati ya mafungu yatakuwa na nguvu, waogeleaji wajihadhari. Vyombo vidogo virudi kabla ya adhuhuri."

Taarifa ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini haina neno la kupamba. Kila nyongeza humwezesha msikilizaji kuamua jambo fulani.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba Kiswahili cha pwani kinajitosheleza katika pepo na maji, na kwamba kinahitaji kusaidiwa katika vipimo vya wimbi. Usanifishaji ulioanza 1930 kwa msingi wa Kiunguja uliipa lugha umoja, lakini maneno mengi ya ubaharia yalibaki kamusini na vinywani mwa wazee wa pwani, huku taarifa zikitungwa kwa lugha ya dira na jedwali. Kazi ya idara za lugha ni kuyakusanya maneno hayo kutoka Vanga hadi Kiunga, kuyapambanua kimaana, na kuyakabidhi kwa waandikao taarifa. Kipimo cha istilahi katika uwanja huu ni rahisi kukieleza: mvuvi wa Malindi akiisikia mara moja tu redioni, ajue kama chombo kishuke majini au kibaki pwani.