Herufi Tatu, Maana 430

Nilipokuwa nikijenga ukuta wa uani, kijana aliyekuwa akimsaidia fundi alinijia na karatasi iliyotoka kwa muuza saruji. Alikuwa amezungushia kalamu maneno mawili: "setting time".

"Mzee," akaniuliza, "hii setting si ndiyo ile ya kwenye simu?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Kwenye simu yake, hapo ndipo anapobonyeza akitaka kubadili mlio au kuongeza mwanga. Kwenye saruji, ni muda unaopita tangu maji yatiwe hadi uji uanze kushika. Kwa saruji ya daraja la 42.5, viwango vya Ulaya vinataka muda huo usipungue dakika 60, ili fundi awahi kumimina na kusawazisha. Nikamwambia ndiyo, ni neno lile lile. Akaondoka hajaridhika. Nami jibu langu halikuniridhisha, na usiku ule nikachukua daftari nikaanza kuandika.

Jua likizama, Mwingereza husema "set". Akitega mtego, "set". Mwalimu akitunga mtihani, "set". Daktari akiunga mfupa uliovunjika, "set". Nahodha akitweka tanga aondoke bandarini, "set" tena. Mtu akiandaa meza ya chakula, neno ni hilo hilo. (Wazee wa pwani walisema kuandika meza, na mhudumu wakamwita mwandikaji, na hapo hakuna wino wala karatasi.) Vikombe sita na birika lake ni "set". Duru ya mchezo wa tenisi ni "set". Mahali panapochezewa filamu ni "set". Sisi kwa kazi hizo tumetumia zama, tega, tunga, unga, tweka, andaa, maneno ambayo hata sura hayafanani. Mwingereza ametumia herufi tatu, na hazibadiliki hata kitendo kikiwa cha jana.

Katika toleo la pili la Kamusi ya Oxford ya Kiingereza, lililotoka mwaka 1989 katika mabuku 20, kitenzi hicho kilipewa maana 430. Maelezo yake yalichukua takriban maneno 60,000, ambayo ni kitabu kizima cha kusomwa kwa siku kadhaa.

Nani alikaa akazihesabu? Hapo pana kazi ya mikono ambayo nadhani kila mpenda lugha angepaswa kuijua. Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London kilianza kulalamikia mapengo ya kamusi za wakati huo, na wasomaji wa kujitolea wakaombwa wasome vitabu, na kila wakutanapo na neno lenye la kueleza, wanakili sentensi nzima kwenye kipande cha karatasi pamoja na jina la kitabu na mwaka wake. Mwaka 1879 kazi ya uhariri ikamwangukia James Murray, mwalimu wa shule. Akajenga banda la mabati kwenye bustani, akalijaza vishubaka zaidi ya 1,000, na vipande vikaanza kumiminika kwa magunia. Wanawe walilipwa vijisenti kuvipanga kwa alfabeti.

Kilichonivutia ni namna maana ilivyopatikana. Mhariri hakukaa akafikiri "neno hili lina maana ngapi?" Alitandaza vipande mezani. Sentensi hii inafanana na ile, viweke pamoja. Hii haifanani na zote, ianzishie fungu lake. Mafungu yalipotulia, kila fungu likawa maana, likapewa namba, likapangwa kuanzia ushahidi wa zamani kwenda wa karibuni. Murray alifariki mwaka 1915, na toleo la kwanza la Kamusi ya Oxford likakamilika mwaka 1928 likiwa na dondoo zaidi ya milioni 1.8.

Ukifuata mafungu ya "set" kurudi nyuma, unafika kwenye Kiingereza cha kale, kwenye kitenzi settan. Maana yake ilikuwa kuketisha. Ni kauli ya kutendesha ya "sit", kama sisi tunavyotoa ketisha kwenye keti. Ukiketisha kitu, umekiweka. Ukikiweka kikakaa imara, umekithibitisha: mfupa umerudi mahali pake, saa imerekebishwa, tarehe imepangwa. Kitu kilichokaa imara hakitikisiki tena, na hapo ndipo saruji inapoingia, maana uji uliokuwa ukitiririka umeketi. Hata jua la magharibi linakwenda kuketi. Kwa hiyo saruji ya kijana wangu na mlio wa simu yake walikuwa wanaukoo kweli. Simu imewekwa ikae hivi, saruji imekaa hivi.

Lakini ukoo huo una mgeni ndani yake. Ile "set" ya vikombe, ya kundi la vitu vinavyokwenda pamoja, ilifika Uingereza kwa njia nyingine, kupitia Kifaransa cha kale, kutoka neno la Kilatini secta, yaani watu wanaofuata njia moja. Mito miwili ikakutana kwenye sauti moja, maji yakachanganyika. Wanahisabati waliokuja kujenga juu ya kazi ya Georg Cantor ya miaka ya 1870 wakachukua kijito hicho cha pili, nasi shuleni tukakipokea kama seti. Mtaani tukakichukua kile cha kwanza: fundi redio anaseti masafa, dada anaseti nywele.

Wanaisimu hutenganisha mambo haya mawili. Neno moja lililozaa maana zenye undugu huitwa polisemia, istilahi aliyoipa umaarufu Mfaransa Michel Bréal mwaka 1897. Maneno tofauti yaliyogongana kwa sauti ni homonimu. Kwa Kiswahili mfano mzuri wa homonimu ni kaa: kaa wa baharini anayetembea kiubavu, kaa la moto, na kaa kitako. Polisemia ni ndege, aliyeanza na mabawa ya manyoya akaishia na ya chuma. Na tazama namna sarufi yetu inavyofanya kazi kimya kimya: ndege yule ametua, ndege ile imetua. Hakuna Mswahili anayekwama hapo. Silabi moja ya upatanisho imeshatuambia kama tutafute kombeo au tuwahi uwanjani kupokea wageni. Kiingereza hakina ngeli za kukisaidia namna hiyo, kwa hiyo mzigo wote unaangukia maneno ya jirani.

Kwa nini lugha ijibebeshe haya? Mwaka 1945 George Kingsley Zipf, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alilinganisha idadi ya maana za maneno ya Kiingereza na jinsi maneno hayo yanavyorudiwa katika maandishi. Akaona idadi ya maana inakua takriban kwa kipeuo cha pili cha marudio. Neno linalotumika mara 100 zaidi ya jingine huelekea kuwa na maana mara 10 zaidi. Kinachotumika sana ndicho kinachotumwa sana. Mwaka 2012 Steven Piantadosi, Harry Tily na Edward Gibson walipima Kiingereza, Kijerumani na Kidachi, wakakuta maana nyingi zimerundikana kwenye maneno mafupi, ya kawaida, yaliyo mepesi kutamkwa. Hoja yao naikubali kabisa: kutamka ni kazi ya polepole, kubashiri ni kazi ya haraka. Msemaji anatumia kifupi alichonacho mdomoni, msikilizaji anamalizia kwa kichwa chake, na wote wawili wameokoa muda. Anayeiona polisemia kama uchafu wa lugha, jambo ambalo nimelisikia hata kwa walimu, anataka kila wazo liwe na neno lake. Tungehitaji maneno marefu kama treni ya mizigo.

Na huko kichwani kunatokea nini? Hapa kuna jaribio ninalolipenda. Mwaka 1979 David Swinney aliwasikilizisha watu hadithi fupi kwa vipokea sauti. Mtu amekuta chumbani mwake buibui, mende, na wadudu wengine, na neno la Kiingereza lililotumika kwa wadudu, "bugs", lina maana pia ya vinasa sauti vya kijasusi. Papo hapo neno lilipotamkwa, kwenye skrini yakatokea maandishi, na msikilizaji akatakiwa abonyeze kueleza kama ni neno halisi au la. "Sisimizi" lilitambuliwa haraka. Hilo lilitarajiwa, wadudu ndio wanaozungumzwa. Lakini "jasusi" nalo lilitambuliwa haraka, ingawa hadithi ilikuwa imeshataja buibui na mende. Maana zote mbili zilikuwa zimeamka. Maandishi yalipocheleweshwa kwa silabi chache tu, jasusi alikuwa amelala tena na sisimizi amebaki macho.

Kumbe kila tunaposikia neno lenye maana nyingi, milango kadhaa inafunguka kwa pamoja, kisha muktadha unaifunga isiyotakiwa kabla sisi wenyewe hatujajua kwamba ilikuwa wazi. Tunaishi tukidhani tulisikia maana moja.

Mashine hazikujaliwa hilo. Mwaka 1949 Mmarekani Warren Weaver aliandika waraka kuhusu kutafsiri kwa kompyuta, na humo akaweka picha iliyo wazi mno. Chukua kitabu, kifunike kwa karatasi nzito yenye tundu dogo linaloonyesha neno moja. Huwezi kujua maana yake. Panua tundu, yaonekane maneno mawili au matatu kila upande. Kadiri linavyopanuka, utafika mahali utajua. Swali likawa tundu liwe pana kiasi gani. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel akajibu kwa sentensi moja inayosema sanduku lilikuwa ndani ya "pen". Mtoto anatafuta sanduku lake la vitu vya kuchezea, na neno hilo linaweza kuwa kalamu au kizimba cha kuchezea watoto. Binadamu anajua sanduku haliingii kwenye kalamu. Tundu hata likipanuliwa vipi halionyeshi ukubwa wa sanduku, na Bar-Hillel akaona kwamba mashine isiyoijua dunia haitafika.

Programu za mwaka 2013 zilizogeuza maneno kuwa safu za namba zilikuwa bado zinalipa kila neno safu moja tu, kwa hiyo saruji, jua na mtego vyote viliishi chumba kimoja. Mabadiliko makubwa yalikuja na muundo uliochapishwa mwaka 2017 unaoitwa transfoma, ambamo namba za neno hukokotolewa upya kila mara kwa kutazama majirani wote kwenye sentensi. Ni tundu la Weaver lililopanuliwa hadi ukurasa wote, na mafungu ya Murray yanayopangwa bila banda.

Wakati huo taji la neno lenye maana nyingi kuliko yote lilikuwa limeshahama kutoka kwa "set". Kamusi ya Oxford ilipokuwa inasahihishwa, mhariri Peter Gilliver alitumia zaidi ya miezi tisa juu ya kitenzi kimoja, "run", na ilipofika mwaka 2011 kikawa na maana 645. Sioni ajabu. Karne ya mashine imependa kitenzi cha mwendo kuliko cha kuketi: kwa Kiingereza kiwanda, treni, programu ya kompyuta na hata mgombea ubunge, wote wanakimbia. Kwetu gari linatembea, saa inakwenda, mashine inazunguka, mgombea anagombea.

Nasi tunaye bingwa wetu. Tangu siku ile ya saruji nimekuwa nikimfanyia kwa uwezo wangu mdogo kile ambacho wahariri wa Oxford walimfanyia "set". Ninavyo vipande vya karatasi kwenye boksi la viatu, kila kimoja na sentensi niliyoisikia, mahali na tarehe. Neno ni piga. Fungu la kwanza lilijipanga lenyewe, la kugonga hasa: piga ngumi, piga nyundo, piga ngoma. La pili ni la chombo kinachopita juu ya kitu: piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga rangi. La tatu ni sauti inayotoka kwa ghafla: piga kelele, piga honi, piga mluzi, piga chafya. Piga magoti na piga mbizi nimeziweka pamoja, mwili mzima unakwenda chini kwa mara moja. Piga kura ilinichelewesha wiki mbili, mpaka nilipokumbuka kwamba kura, neno tulilolipata kwa Waarabu, ilikuwa kwanza ile ya bahati nasibu, ya kurushwa, na sanduku lenye tundu likaja baadaye.

Piga kambi nimeiweka na nyundo, kwa sababu ya vigingi vya hema. Shangazi yangu anakataa. Anasema watu walipiga kambi chini ya mwembe bila hema wala kigingi, kwa hiyo nikitoe kipande hicho nikiweke na piga magoti, kwamba ni watu waliochoka kujitupa chini. Nimekihamisha mara mbili. Na kuna kimoja hakijapata fungu mpaka leo, nilichokiandika siku ya msiba kwa jirani, mzee mmoja alipomshika mfiwa bega akamwambia apige moyo konde. Hapo anayepiga ni nani, na konde ni la nani? Nimekiacha juu ya boksi, kwenye mfuniko.